Machela Iliyopiga Chafya

Blanketi lilipiga chafya.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo walionilaani tangu siku hiyo hadi leo. Lawama zenu nimezipokea. Kwa aliyeingia leo, hebu tumsogezee nafasi akae, maana hadithi hii haina ngazi ndefu.

Mahututi ni mhudumu wa ambulensi, mtu mzima mwenye kitambi kidogo na imani kubwa juu yake mwenyewe. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na manesi wa idara ya dharura, kwa sababu kila mgonjwa anayempeleka kwao humtangaza redioni kuwa ni mahututi. Aliyevunjika mguu, mahututi. Aliyeumwa na nyuki, mahututi. Kuna siku alimtangaza hivyo hivyo mtu aliyeng'oka ukucha, na mtu huyo akashuka mwenyewe garini akauliza choo kiko wapi.

Si kwamba ana roho mbaya. Aligundua zamani kwamba ukisema mgonjwa anaendelea vizuri, mnasimamishwa koridoni mpaka miguu iote mizizi. Ukisema mahututi, mlango unafunguka. Tatizo ni kwamba Sista Geti naye aligundua kwamba Mahututi amegundua.

Sista Geti ndiye nesi mkuu wa dharura. Hilo nalo si jina la kuzaliwa. Watu wa ambulensi walimpa kwa kuwa hapiti mtu pale mpaka yeye apende. Na ugomvi wao wa sasa, mnaokumbuka mnajua, ulikuwa juu ya machela.

Mahututi alikwenda likizo, akarudi, akakuta machela ya magurudumu ya gari lake haipo. Hakuuliza mara mbili. Dharura wakiishiwa vitanda, hubaki na mgonjwa pamoja na machela aliyolalia, na kuipata tena ni kazi. Akamfuata Sista. Sista akasema, "Sina machela yako." Akamfuata tena. "Nimekwambia sina, kaka. Unataka nikuzalie?" Tangu hapo yeye na dereva wake walikuwa wanabeba wagonjwa kwa machela ya turubai, mikononi, ngazi kwa ngazi, na kiuno cha Mahututi kilikuwa kinalia kama mlango mbovu.

Katika sehemu ya wiki iliyopita uvumilivu ukamwisha. Mchana kweupe aliiona machela koridoni ikiwa na rundo la mablanketi juu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaisukuma hadi garini. Dereva akakanyaga mafuta. Walikuwa wameshafika barabara kuu, wanaimba kwa furaha, ndipo blanketi likapiga chafya.

"Umesikia?" akauliza dereva. Huyu wanamwita Breki, kwa kuwa ni kitu asichokitumia.

"Sijasikia kitu," alijibu Mahututi, ambaye alisikia vizuri sana.

Blanketi likapiga chafya ya pili, na safari hii likaomba radhi. "Samahani," likasema. "Vumbi."

Mahututi akashika ncha ya blanketi kwa vidole viwili, akalifunua. Chini yake alikuwepo bibi mmoja mwembamba, kajifunika gubigubi, kaukumbatia mkoba wake mweusi, anamtazama kwa macho maangavu.

"Tumefika?" akauliza bibi.

"Tumefika wapi, bibi?"

"Kwenye picha. Sista aliniambia nilale hapo nisubiri, nitapelekwa kupiga picha ya kifua. Nikasema hawa watanisahau tu. Kumbe mmenitafutia na gari! Hospitali yetu imeendelea, jamani."

Breki akatumia breki. Boksi la glavu likaruka kutoka kwenye rafu likatua kichwani kwa Mahututi, na gari likasimama kando ya barabara.

"Kaka," alisema Breki polepole, akitazama kwenye kioo. "Huyo ni mtu."

"Naona ni mtu."

"Tumeiba mtu."

"Tusitumie maneno makubwa. Sisi tumechukua machela yetu. Mtu alikuwa juu yake."

"Hiyo ndiyo utamwambia Mganga Mkuu?"

Mganga Mkuu wa hospitali, ambaye ndiye mwenye ambulensi na wote wanaozipanda, alikuwa amemwambia Mahututi uso kwa uso baada ya ule mkasa wa ukucha: kosa moja tena, unavua sare. Na asubuhi ile ile, mama watoto wake alimpigia pasi hiyo sare, akamkabidhi, akasema, "Baba, nakuomba, leo usigombane na mtu." Akaitikia vizuri kabisa. Mahututi ni hodari sana wa kuitikia.

"Tunarudi," aliamua. "Tunaingilia mlango wa nyuma, kule kwa dobi. Tunamwacha bibi pale pale alipokuwa, tunaondoka kimya kimya."

"Na machela?"

Mahututi aliitazama machela yake kwa uchungu. Ilikuwa imetulia, haitikisiki hata kidogo.

"Halafu kaka," Breki akaongeza, "mbona leo gurudumu haliyumbi? Yetu si ilikuwa inakwenda kama mlevi?"

"Wameitengeneza."

"Waibe, halafu watengeneze?"

"Ndiyo dharau yenyewe hiyo, Breki! Geuza gari."

Breki hajagusa usukani, redio ya gari ikakoroma. Ilikuwa sauti ya dada wa kituoni, yule anayeyagawa magari.

"Magari yote, magari yote. Dharura wamepotelewa na mgonjwa. Ni bibi mwembamba, ana mkoba mweusi. Inaaminika ametoka kwa miguu. Mahututi, uko wapi?"

Mahututi alimtazama bibi. Bibi akampungia mkono.

"Niko... niko karibu na hapo," alisema.

"Vizuri. Basi mtafute wewe."

"Nitajitahidi."

Breki aliinamia usukani akacheka mpaka honi ikalia. Lakini Mahututi hakucheka. Mwanga ulikuwa umemwingia usoni, ule ule unaomwingia kila anapokaribia kuharibu jambo.

"Breki, tumeokoka. Tumetumwa kumtafuta, si ndiyo? Basi tumempata! Tunarudi kwa mlango wa mbele, king'ora juu. Sista Geti atanishukuru mbele ya watu. Bibi, sikiliza. Ukiulizwa, sema tulikukuta barabarani, umechoka, hujui uendako."

"Niseme uongo?"

"Uongo mdogo tu, bibi yangu."

"Kijana, mimi nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu. Uongo mdogo nauona ukiwa bado kooni."

Mahututi hakusikia. Alikuwa ameshaanza kutunga maelezo. Ati watu walikuwa wanampita bibi bila kujali, yeye Mahututi akamwona kwa mbali, akaruka kabla gari halijasimama. Aliyatunga kwa sauti, akayarudia, akaongeza lori lililokuwa linakuja kwa kasi. Breki alisema lori limezidi. Mahututi akalipunguza likawa pikipiki. Waliendelea hivyo hadi alipotambua kwamba bibi hajamkatiza kwa muda.

"Bibi?"

Bibi alikuwa amebadilika rangi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na mkono uliokuwa umeshika mkoba ulikuwa umehamia begani.

"Kuna kitu kimenikalia kifuani," alisema kwa sauti ndogo. "Kizito."

Sasa wasomaji wangu, mimi nikiona sindano hugeukia ukutani, kwa hiyo sitajifanya daktari hapa. Ila nitawaambia jambo ambalo sijalisema tangu hadithi hii ianze, kwa kuwa lilikuwa halijatokea. Mahututi kazi yake anaijua. Maneno yote yalimwishia. Alimweka bibi vizuri, akamvalisha oksijeni, akamtafunisha aspirini, akamfunga mkanda wa presha, akabandika nyaya za kipimo cha moyo. Mapigo yalikuwa yanaruka. Presha ilikuwa inashuka. Mistari kwenye kioo cha kipimo haikumpendeza hata kidogo.

"Breki, endesha."

Breki alitazama nyuma kwenye kioo cha dereva mara moja tu, akaacha kucheka, akaendesha.

Mahututi akanyakua redio. "Dharura, dharura! Nakuja na mgonjwa mahututi!"

Akajibu Sista Geti mwenyewe. "Ukucha wa mguu gani leo?"

Nyuma yake walisikika watu wakicheka.

"Sista, ni moyo. Nataka kitanda chenye mashine, na daktari mlangoni."

"Vitanda vimejaa. Utasubiri koridoni kama siku zote, nikipata nafasi nitakuja kumwona kwa macho yangu. Mimi hapa nimepotelewa na mgonjwa, sina muda wa maigizo."

"Sista, haki ya Mungu, huyu ni mahututi kweli!"

"Juzi uliapa hivyo hivyo kwa yule aliyekwama pete kidoleni."

Ni kweli aliapa. Tena alisimama wakati anaapa.

Alibonyeza tena kitufe cha redio, akakiachia. Alikuwa anatafuta neno kubwa kuliko mahututi, na hakuna. Alikuwa nalo hilo moja tu, na alikuwa amelimaliza kwenye kucha, nyuki na pete.

Bibi alimshika kidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema twende tu, bibi. Wanatusubiri."

"Uongo mdogo," alinong'ona bibi, akafumba macho.

Hofu ilimshika Mahututi kuliko yeye alivyowahi kumshika mgonjwa yeyote. Aliona vizuri kitakachotokea: watafika, watasimama koridoni, Sista atapita na kurudi bila kugeuza shingo, na bibi huyu atafia juu ya machela waliyoigombania. Aliona pia kwamba kuna jambo moja tu litakalomfanya Sista Geti aruke kwenye kiti. Lakini kulisema redioni ni kulisema mbele ya kila gari, kila dereva, na Mganga Mkuu mwenyewe, ambaye redio yake iko mezani siku zote. Aliitazama sare yake, na mstari wa pasi ulionyooka vile mama watoto alivyounyoosha.

Akabonyeza kitufe.

"Sista. Huyu ndiye bibi yenu aliyepotea. Hakutoka kwa miguu, nimemtoa mimi. Niliiba machela koridoni, naye alikuwa juu yake, sikumwona. Sasa kifua kinambana na presha inashuka. Mimi usiniamini, una haki. Lakini mpokee yeye. Mimi utanishughulikia baadaye."

Redioni kilisikika kiti kikianguka.

Kisha Sista akazungumza, na sauti yake haikuwa ile ya geti.

"Mmefika wapi?"

"Taa za njia panda."

"Nahamisha mtu kitandani sasa hivi. Usimwondolee oksijeni. Zungumza naye, asilale. Na mwambie Breki atufikishie bibi akiwa mzima."

Walipofika, milango yote miwili ya dharura ilikuwa wazi. Sista Geti alisimama nje mwenyewe, daktari wa zamu pembeni yake, kitanda kimetandikwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Sista alishika shuka upande wa kichwa, Mahututi akashika upande wa miguu, wakahesabu pamoja, wakamwinua. Watu hawa walikuwa wamevutana miaka, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza walivuta kuelekea upande mmoja.

Bibi alifumbua macho wakati wanamsukuma ndani.

"Sista," alisema chini ya barakoa ya oksijeni, "huyu kijana amesema kweli. Mpe nyota kwenye daftari."

Mlango ukafungwa. Mahututi alibaki koridoni, pale pale alipozoea kusubiri na kulalamika, na leo hakulalamika. Breki alimletea maji. Hakuyanywa. Kila mlango uliposogea, roho yake ilisogea nao.

Hatimaye daktari akatoka, akavua glavu. "Ametulia. Mngechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Anauliza kama ile picha bado ipo."

Mahututi alikaa juu ya machela, akachukua ncha ya blanketi, akajifunika uso. Mabega yakawa yanatikisika. Breki alipomuuliza kulikoni, alisema ni vumbi.

Lakini shughuli haikuishia hapo. Mganga Mkuu aliwaita wote wawili, Mahututi na Sista Geti, katika chumba kidogo cha kufungia vidonda. Hakukaa. Aliweka mikono nyuma, akamtazama Mahututi kuanzia viatu kwenda juu.

"Nimesikia kila neno," alisema. "Nina swali moja. Sare hiyo unaivulia hapa, au unakwenda kuivulia nyumbani?"

Mahututi alipeleka mkono kwenye kifungo cha kwanza. Alikuwa anafikiria tu ataingia vipi nyumbani na ile sare mkononi.

"Mkuu," alisema Sista Geti.

Wote wakageuka. Sista alikuwa anatazama sakafu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Mkuu, na mimi nina langu. Bibi yule alikuwa mgonjwa wangu. Nilimwacha koridoni peke yake, kafunikwa kama nguo za kufua. Halafu leo mtu ananiambia ana mgonjwa wa moyo, mimi nikamcheka redioni." Akavuta pumzi. "Na hiyo machela. Kila siku namwambia sina yake. Lakini ukweli ni kwamba dharura tunashikilia machela za watu. Moja tulirithi kwenye ambulensi kongwe iliyokufa, nyingine zinakuja na kupotea. Huenda yake ililetwa siku ambayo sikuwa zamu. Leo amesema kweli iliyomuumiza mwenyewe, na mimi namwamini. Kama machela ni yake, basi sisi ndio tuliomchokoza."

Mahututi alimtazama kwa butwaa. Alitamani amwombe radhi kwa jina la Geti, kwa kucha, kwa kila kitu. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja, alimwona ni mtu mzuri.

Mganga Mkuu alikuna kidevu. "Kama machela ni yake," alirudia taratibu. "Hapo sasa inakuwa habari nyingine. Hapo nitawaonya wote, mrudi kazini."

Mahututi alikifunga kile kifungo. Sare ilimkaa tena mwilini.

Simu yake ikalia.

Aliitoa mfukoni aizime, akaona jina: Fundi wa Kuchomelea. Na papo hapo, bila huruma, kumbukumbu ikamrudia nzima nzima. Siku ya mwisho kabla ya likizo. Gurudumu linayumba kama mlevi. Yeye mwenyewe, Mahututi, anaisukuma machela hadi kwa fundi nyuma ya kituo cha mafuta, anasema, "Nitaipitia kesho." Kesho yake akapanda basi na familia, akaenda kupumzika.

Machela iliyokuwa koridoni haikuwa yake. Haikuwahi kuwa yake. Sista Geti alikuwa anamwambia ukweli siku zote zile, na yeye alikataa kumwamini.

"Pokea," alisema Mganga Mkuu. "Huenda ni kituoni."

"Si muhimu, Mkuu."

"Pokea."

Kidole kilichojaa jasho kikateleza, kikagusa kipaza sauti, na chumba kizima kikajaa sauti ya mtu mchangamfu aliyezoea kupiga kelele karibu na mashine.

"Bosi! Mbona umepotea? Machela yako ya ambulensi nimeshachomelea gurudumu tangu ulipokwenda likizo! Hapa nje imekuwa benchi la wateja! Njoo uichukue, watanivunjia!"

Mahututi alifikiria kuzimia, kisha akakumbuka kwamba katika jengo lile hakuna atakayeamini.

Sista Geti alikunja mkono mmoja wa sare yake, akakunja wa pili, akaenda mlangoni, akaufunga kwa ndani.